Nywele za Mtoto

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na binti yenu. Mimi mzima wa mwili, mengine utayasoma humu humu. Kiuno chako vipi? Uliniandikia kwamba kinakukamata ukiinama kufagia, nami nikasema nitakujibu, kisha nikanyamaza miezi miwili kama mtu aliyemeza ulimi. Natumaini umepata nafuu, na kwamba siku hizi anayeinama ni shemeji. Nasikia binti ameota meno ya mbele na anamchekea kila apitaye ili ayaone. Mwambie hata mimi huku nimeambiwa.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema Jumamosi ya wiki ijayo mtapanda basi, wewe na binti, mje mkae nami siku mbili, na kwamba ukiacha kuniona mimi, hamu yako kubwa ni kumwona Mtoto. Unataka umtazame usoni huyo mtoto ambaye homa yake ilinizuia kumzika mama. Si kwa ubaya, umesema, bali ili moyo wako utulie. Umeuliza hata kimo chake, umshonee gauni.

Nimeisoma barua hiyo mara nne. Sasa nakuomba, kabla hujakata tiketi, kaa chini uisome hii yangu hadi mwisho, na usimsomee shemeji kwa sauti. Mwaka wa tatu huu nimekuwa nikikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, dada, na leo mkono umechoka.

Unakumbuka nilipokuja huku nilianza kusuka kwenye saluni ile ya karibu na stendi, na kwamba ilifungwa ghafla mwenyewe alipohama. Madamu alikuwa mteja wangu pale. Ni mjane, mwalimu mkuu mstaafu, anayesema polepole kama bado anaandikisha imla. Alinipenda kwa sababu simvuti mtu kichwa. Saluni ilipofungwa alinipigia simu akasema ana mtoto wake mmoja tu, nywele zake ni ndefu na laini kupita kiasi, zinamshinda, na kila msichana anayemleta kuzichana anamliza. Akauliza kama naweza kwenda kukaa naye. Nikasema naweza, kwani mtoto anayekimbia kichana si kitu kigeni kwangu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikimbia uani, mkubwa mzima, mimi mdogo nakufuata na chanuo.

Nilifika na begi langu. Madamu akanifungulia mlango, akageuka ndani akaita, Mtoto, njoo umwamkie dada. Nikasikia kucha zinakwaruza sakafu.

Dada, mtoto ni mbwa. Ni mbwa mdogo wa kubebwa, kilo tatu, mweupe pe, wa ile aina inayofugwa ili ikae mapajani, na nywele zake zinashuka kutoka katikati ya mgongo hadi zinafagia sakafu pande zote mbili, miguu huioni. Halindi nyumba. Mtu akipiga hodi anaingia chini ya kochi. Jina lake ndilo hilo hilo, Mtoto, na Madamu hajawahi kumwita kwa lingine.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, maana hapo bado.

Wiki ile ile niliwaandikia kwamba nimepata kazi katika nyumba nzuri, ya kumwangalia mtoto na kumtunza nywele. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika. Nilikusudia barua ya pili niwafumbulie fumbo, tucheke wote, mama apige makofi kama anavyopigaga. Lakini jibu lako lilinitangulia. Ulisema mama, ambaye tangu saluni ifungwe alikuwa halali kwa kunihofia, ameizunguka mitaa miwili akitangaza kwamba mwanawe amekabidhiwa mtoto wa watu. Aliuliza ni wa kike au wa kiume, ana miaka mingapi, anakula? Ningeanzia wapi? Nilijibu kwamba ni wa kike, ana miaka miwili, kwa chakula hasumbui, na anapenda kulala kuliko kucheza. Hapakuwa na neno la uongo hata moja, na mimi nilijiona fundi. Mlipouliza kama ameanza shule nikasema anafundishwa nyumbani, na kweli alikuwa akifundishwa kusimama juu ya meza bila kutikisika.

Kazi yenyewe usiicheke kabla hujaijua. Kuna chumba kidogo kando ya jiko chenye dirisha moja, na chini ya dirisha kuna meza iliyotandikwa mpira ili asiteleze. Kila asubuhi baada ya chai nampandisha pale. Nampulizia maji yenye dawa ya kulainisha, kwa sababu nywele zake zikichanwa kavu zinakatika. Namlaza ubavu, naanzia chini tumboni, tabaka kwa tabaka kwenda juu, kwa brashi ya sindano ndefu, na kila tabaka naanza nchani ndipo nirudi kwenye shina. Mkono mwingine unazishika nywele karibu na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyangu, yeye asiusikie. Halafu napitisha chanuo la chuma kukagua. Mafundo hujificha nyuma ya masikio na kwapani, madogo kama mbegu za pamba, na ukiyaacha siku mbili yanashikana yanakuwa kipande cha blanketi. Macho namfuta kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, maana machozi yake huacha rangi ya kutu kwenye weupe. Mwisho nachora njia kwa ncha ya chanuo, kutoka puani hadi mkiani, na ikipinda hata kidogo naanza upya. Saa mbili kila siku, dada. Ijumaa anapooga zinakuwa nne.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja mwenye duka la kuosha mbwa, wanamwita Fundi Mkasi. Ni mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza aliniambia kwamba raha ya kazi hii ni moja tu, mteja hakuulizi umbea wa mtaa. La pili aliloniambia nilikaririshwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kwamba mbwa mwenye fundo haoshwi. Fundo linafumuliwa kwanza, ndipo maji yaje, kwa sababu maji hulikaza. Alinionyesha pia mbwa waliomjia wameshikana mwili mzima, wamiliki wao wamekata tamaa wanataka wanyolewe, na yeye akakaa nao siku tatu, nne, mafuta kidogo, vidole, ncha ya chanuo, fundo moja moja, akawarudisha na nywele zao. Baadaye hao akawa ananiachia mimi.

Halafu kuna jambo la mama. Mwaka wa kwanza niliwaandikia nikilalamika kwamba nywele za mtoto zinajifunga akilala. Mama akakutuma uniandikie jibu, na barua yako hiyo ninayo mpaka leo. Alisema nizigawe mafungu madogo, kila fungu nilizungushie kitambaa laini, nifunge bila kukaza, nifungue asubuhi. Nilifanya hivyo, Mtoto akalala na vifurushi ishirini na vinne mwilini. Fundi Mkasi alipomwona aliuliza nani amenifundisha, maana ndivyo wafanyavyo wanaopeleka mbwa mashindanoni, tofauti wao hutumia karatasi. Akamwambia Madamu kwamba nywele hizi zikitunzwa miaka miwili zitafika mashindanoni na kurudi na kikombe. Madamu akavimba kichwa, na mimi nikavimba zaidi yake. Kwa hiyo mashindano yale yalianzia kinywani mwa mama, na mama hakujua.

Mwanzoni wasichana wa nyumba za jirani walikuwa wakiniita yaya wa mbwa, wakicheka waziwazi. Niliona aibu ya kutaka kupasuka. Lakini nywele zilivyozidi kushuka, wakaacha kucheka wakawa wanasimama getini kutazama. Wapita njia wakasimama. Mwanamke mmoja alishuka kwenye gari akaomba azishike, nikamkatalia, nikasikia utamu kumkatalia. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kusimama kutazama kitu nilichokifanya. Vichwa nilivyosuka viliondoka na wenyewe, wiki ya pili vimefumuliwa. Hiki kilibaki mikononi mwangu kila siku kikirefuka.

Sasa tufike pale unapopajua wewe kuliko mimi.

Barua yako ya kwanza ilisema mama ameanguka, upande mmoja hauna nguvu, amelala tu. Ya pili ilisema nywele zake zimeshikana kisogoni kwa kulalia mto, zile nywele ambazo hata uzeeni wenzake walikuwa wakimwonea wivu. Jirani alijaribu kuzichana, akaingiza kichana kwenye shina moja kwa moja, mama akalia. Akawaambia waziache, mdogo wako atakuja, mkono wake mwepesi. Ya tatu nilipata Alhamisi. Ulisema nesi ametazama, ngozi chini yake imeanza vidonda, amesema hazifumuliki tena na lazima zikatwe, na mama amekataa, anasema ananisubiri. Mwisho uliandika neno moja peke yake kwenye mstari, njoo.

Nilikujibu kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya shemeji kwamba Mtoto ana homa kali na Madamu amenikatalia ruhusa. Mtoto hakuwa na homa. Mashindano yalikuwa yamebaki siku tisa.

Yaliyofuata uliniandikia wewe kwa mkono wako. Zilikatwa Jumatatu kwa mkasi wa zahanati. Mama alijifunika kitambaa akageukia ukutani, na hata ulipomlisha hakugeuka sawasawa. Alhamisi akakata roho. Simu ya shemeji ilinifikia mchana ule ule nikiwa nafunga vifurushi vya karatasi, na nikasema kwenye simu kwamba nitajitahidi. Mlimzika Jumamosi. Hapo kaburini mjomba akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia, mtoto wa mwisho yuko wapi. Na wewe dada, na kiuno chako hicho, ukasimama ukamjibu kwamba kazini wamemkatalia, kwamba yupo mikononi mwa mwanamke mwenye roho ya jiwe, na ukamlaani mwanamke huyo mbele ya watu. Mjomba akasema hakuna mwajiri wa hivyo duniani. Ukamwambia asikanyage tena kwako, na mpaka leo hajakanyaga.

Jumamosi ile, saa ile ile, mimi nilikuwa ndani ya ukumbi mkubwa wenye taa nyeupe na meza zimepangwa mistari. Nilivaa koti jeupe lenye mfuko wa chanuo. Nilifungua vifurushi kimoja kimoja, nikapiga pasi kwa hewa ya moto mikunjo iliyoachwa na karatasi, nikachora njia, nikamfunga kishungi kwa utepe mwekundu juu ya macho. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka. Jaji alimzunguka mara mbili, akazipitisha nywele kwenye vidole, akaniuliza zina muda gani. Tukapata nafasi ya pili. Kikombe ni kidogo, cha bati, kipo sebuleni juu ya televisheni.

Wiki ya tatu baada ya hapo joto lilipanda. Madamu akasema Mtoto amekwisha kumletea heshima, sasa apumzike, kwa nini ateseke na joto. Fundi Mkasi alikuja na mashine. Ilichukua nusu saa, dada, na sehemu ya nusu saa hiyo ilikuwa ya kunywa chai. Miaka miwili ikaanguka chini ya meza, nikaizoa kwa kizoleo, ikajaa mfuko mmoja wa taka. Mtoto alishuka akakimbia uani akizunguka kama kichaa kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuna cha kuchana. Ninaosha vyombo na kufuta madirisha, na wale wasichana wa jirani wamerudi kucheka.

Umelaani, na laana umempelekea mtu ambaye si yake. Hili ndilo nililokuwa nazungukazunguka.

Madamu hakunikatalia ruhusa. Hata kuomba sikuomba. Alinikuta jikoni na barua yako ya tatu mkononi, akaniuliza mbona nimebadilika sura, nikamwambia mama yangu mgonjwa. Mwanamke huyo alikwenda mwenyewe chumbani kwangu akanishushia begi kutoka juu ya kabati. Akasema niende leo leo, nikae hata mwezi, mama ni mmoja. Akasema Mtoto atachanwa na Fundi Mkasi, na ikishindikana mashindano yatakuja mwakani. Alikuwa na machozi. Nami nikamwambia kwamba si ugonjwa wa kutisha, kwamba dada yangu ana kawaida ya kutia chumvi, na kwamba mama mwenyewe ametuma niambiwe nisiache kazi. Nikalirudisha begi juu ya kabati kwa mikono yangu. Alhamisi ya simu akalishusha tena. Nikamwambia kwetu mazishi hufanyika upesi na nisingewahi. Hili nalo lilikuwa uongo, basi la jioni lilikuwepo na nafasi zilikuwepo.

Utaniuliza kwa nini, na nimejiuliza mpaka nimechoka. Sikutaka Fundi Mkasi aziguse nywele za Mtoto. Nilijua akizichana siku tisa za mwisho, watu watasema ni kazi yake. Ndiyo hivyo tu, dada. Ningependa kukupa sababu kubwa zaidi, nimeitafuta, sina.

Na bado kuna moja ambalo hata Madamu halijui. Nesi aliposema zile nywele hazifumuliki, mimi nilijua kwamba si kweli. Nilivyosoma maelezo yako, kisogoni, zimeshikana upana wa kiganja, wiki tatu za kulalia mto, mikono yangu ilikwisha kupiga hesabu kabla sijamaliza mstari. Siku mbili. Nimefumua zilizo mbaya mara tano ya hizo, kwenye mbwa wa watu nisiowajua. Mafuta ya nazi, usiloweshe maji, anza nchani, shika karibu na ngozi, fundo moja kisha mpe apumzike. Hata kama nisingekuja, ningeweza kukuandikia maneno hayo kwenye ujumbe ule ule wa simu badala ya homa ya uongo, na wewe ungeyafanya, una subira kuliko mimi. Mama angekufa, najua, ugonjwa wake haukuwa wa nywele. Lakini angekufa na kichwa chake. Sikuandika kwa sababu nilijua utajibu kwamba kama naujua ufundi wote huo, basi nije niufanye mwenyewe. Nikaona afadhali usijue kwamba zinafumulika.

Basi sasa unajua. Ukija Jumamosi nitakuwepo, na ukitaka kunipiga nipige, mlango wa chumba changu unafungwa kwa ndani. Gauni usishone. Na usipokuja sitakuuliza. Ila hata kama hutaniandikia tena, mwendee mjomba. Hakukosea, na wewe hukukosea, ni mimi niliyewagombanisha juu ya kaburi la mama. Akikuuliza ni nani aliyenikatalia ruhusa, mtajie mimi.

Mnibusie binti. Shemeji mpe salamu zangu baada ya kumweleza, si kabla. Na wengine wote wa nyumbani wasalimie wale watakaokubali salamu zangu, wasiokubali usiwalazimishe.

Ni mimi mdogo wako,
yule aliyesubiriwa.